Mikebe Miwili Iliyofungwa Waya Mmoja

Jua halijashika Kibirichia vizuri, na Nelius Makandi tayari anapigana na paka.

Leo wako watatu. Mmoja ni wake, wawili ni wa majirani. Wanajigaragaza chini ya mti wake mkubwa wa kiwi kama walevi. Wanakwaruza shina, wanatafuna mizizi iliyotokeza, halafu wanalala chali, miguu juu. Makandi anatoa gunzi la mahindi kwenye mfuko wa aproni na kurusha. Linampata mmoja mgongoni. Anakimbia kidogo, anakaa, anamwangalia mama, anarudi.

“Hii mti imefaidi paka kuliko mimi,” anasema Makandi. Hacheki.

Juu ya kichwa chake maua yamejaa. Ni meupe, yananing'inia chini ya majani kama taa ndogo, na nyuki wanapiga kelele ndani yake. Mtu mgeni akiingia hapa atasema huyu mama amebarikiwa. Nguzo zimesimama kwa mistari, waya zimevutwa, na matawi yametambaa mpaka yamefanya dari. Chini yake ni baridi na giza kama ndani ya kanisa siku isiyo ya ibada.

Lakini huu ni mwaka wa tatu maua yanatoka na kuanguka. Hakuna hata tunda moja.

Makandi ana miaka hamsini na minane. Kiwi anayopanda si ile yenye manyoya ambayo watu huona kwa supermaketi. Hii ni ndogo kama kidole gumba, ngozi yake ni laini, na huliwa na ganda. Inatambaa juu kama pasheni na inapenda baridi. Na baridi Kibirichia iko. Mwezi wa saba kuna asubuhi viazi huamka vimeungua na sakitu, ile barafu nyembamba ya usiku, na wakulima husimama kando ya shamba mikono mifukoni.

“Nilionja moja tu maishani,” anasema. “Moja. Ile utamu sijawahi kusahau. Ni kama umechanganya ndizi na nanasi, na bado kuna kitu ingine ndani huwezi kuiita jina.”

Alionja kwa meneja.

Wakati huo Makandi alikuwa anafanya kazi kwa kampuni moja ya maua upande wa Timau. Kazi yake ilikuwa kukata waridi na kupanga mashina kwa urefu. Alikuwa na rafiki mmoja hapo, Ciakuthii, mama wa Kianjokoma huko Embu. Walikuwa wanakaa chumba kimoja, wanapika sufuria moja, na Jumamosi mchana wawili hao walikuwa wanapalilia bustani ya nyumbani kwa meneja.

Kwa hiyo bustani, kiwi zilikuwa zinazaa mpaka zinaangusha waya.

“Tulikuwa tunapalilia chini yake,” anakumbuka Makandi. “Ciakuthii ananiambia, ‘Mwenzangu, siku moja na mimi nitalala chini ya mti yangu nifungue mdomo, tunda iingie yenyewe.’ Tulikuwa tunacheka sana. Ciakuthii ni mtu wa kuchekesha.”

Halafu kampuni ikafungwa. Meneja alikuwa anarudi kwao. Siku ya kufunga mizigo aliwaita hao mama wawili, akawapa zawadi: mikebe miwili yenye miche miwili ya kiwi. Mikebe ilikuwa imefungwa pamoja na waya mmoja, umezungushwa mara mbili. Aliwaambia ni mti mzuri, wauvumilie miaka kadhaa, wataona. Halafu simu ikamwita ndani.

Makandi na Ciakuthii walitoka mpaka kwa geti. Hapo ndipo njia zao zilikuwa zinaachana, mmoja anaenda Meru na mwingine Embu.

“Sasa wewe niambie,” anasema Makandi, na kwa mara ya kwanza anainua sauti. “Watu ni wawili. Mikebe ni miwili. Ungefanya nini? Mimi nikatoa makasi ya kukatia maua nikakata ile waya. Nikamwambia, chukua huu, mimi nichukue huu. Tulidhani amefunga ndiyo isianguke kwa gari.”

Waya huo bado anao. Ndio unafunga mlango wa nyumba ya kuku.

Huko Kibirichia, mkebe wa Makandi ulikubali. Kwa mwaka wa pili mti ulikuwa umefika juu ya paa la jikoni. Majirani wakaanza kuja kuangalia. Yeye mwenyewe aliwasimulia ile bustani ya meneja, ule utamu, zile waya zilizoanguka. Na akafanya vile mtu wa hapa hufanya akiwa na mbegu nzuri. Aligawa.

Mbegu hapa haiuzwi kwa jirani. Ukiwa na kiazi kikuu kizuri, unakata kichwa unampa mwenzako akapande, na yeye haruhusiwi kusema asante, kwa sababu mbegu ikishukuriwa, wazee wanasema, hukasirika. Anachukua tu na kuondoka kama mtu aliyeiba. Kwa hivyo Makandi alikata vijiti kutoka kwa mti wake, akavishikisha kwa udongo, na vilipotoa mizizi wamama wa kikundi chao wakaja mmoja mmoja, wakachukua, wakaondoka bila asante.

Aliyechukua vingi zaidi ni Ntinyari.

Ntinyari ni jirani wa ng'ambo ya pili ya ua. Waliolewa hapa mwaka mmoja, wamezaa pamoja, wamezika pamoja. Ntinyari aling'oa viazi kwa kipande chake chote cha juu ndiyo apande kiwi. Na kwa kuwa mti huu unahitaji kitu cha kupandia, akachukua nguzo ambazo mume wake alikuwa ameweka kwa ajili ya nyumba ya kijana wao, Kaberia.

Mtu wa Meru anajua hiyo ni nini. Kijana akitahiriwa harudi kulala kwa nyumba ya mama yake. Lazima akute nyumba yake imesimama. Ntinyari alihesabu kwamba kabla Kaberia afike Disemba ya kutahiriwa, kiwi zitakuwa zimezaa na zitajenga nyumba ya mabati mazuri, si ya mbao kuukuu.

“Mimi ndio nilimwambia,” anasema Makandi. “Nilimwambia, binti ya Mwongera, weka nguzo, hii kitu italipa nyumba mbili.”

Disemba ilifika. Kaberia alitahiriwa, na nyumba haikuwapo. Alipelekwa akalale kwa mjomba, na vijana wa rika lake wakapata wimbo wa kuimba njiani kuhusu mwanamume anayekaa kwa mjomba kama kuku wa kuazima. Alipopona alienda mjini. Anafanya kazi ya kubeba mizigo Makutano na haji nyumbani sana.

Mwaka uliofuata Ntinyari alichukua panga akakata miti yote, kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Nguzo alizing'oa pia, lakini zilikuwa zimeoza chini. Alizipasua akafanya kuni.

Tangu siku hiyo hapiti kwa geti ya Makandi. Akienda kuchota maji anazunguka kwa njia ya mbali, ile ya kupitia kwa kanisa la Methodist, na mtungi mgongoni. Wakikutana sokoni anasalimia kila mtu hapo, halafu anafunga mdomo.

“Afadhali angenitukana,” anasema Makandi. “Matusi unaweza kujibu.”

Wengine walimfuata Ntinyari. Mmoja baada ya mwingine wakakata. Wanaume wa pale kwa kupeleka maziwa walipata kazi ya asubuhi. Mwirigi, anayepima maziwa, alikuwa akimwona Makandi na debe lake anaita kwa sauti, “Mama Kiwi! Hiyo miti yako imekula kiapo? Hiyo ni miti ya mapadri. Inavaa nguo nyeupe na haizai!”

Watu wanaangua kicheko. Makandi anapimiwa maziwa yake, anarudi.

Kitu kilichomshikilia muda huo wote ni simu. Kila baada ya muda alikuwa anampigia Ciakuthii huko Kianjokoma.

“Namuuliza, yako imezaa? Ananiambia, ‘Wapi! Ni maua tu, mwenzangu. Na paka.’ Mimi namwambia, hata yangu ni maua tu. Tunacheka kidogo. Nikikata simu naona afadhali, kumbe si mimi peke yangu.”

Mwaka huu, maua yakiwa yamefunguka, afisa wa kilimo, madam anayeitwa Mukiri, alikuja kijijini kuangalia viazi vilivyokuwa vinanyauka. Akipita kwa njia aliona ile dari nyeupe akaingia. Alisimama chini yake akishangaa. Halafu akachuma ua moja, akalipasua na kucha ya kidole gumba, akaangalia ndani. Akachuma lingine kwa mti mwingine. Akapasua. Lingine.

“Nikaona uso yake inabadilika,” anasema Makandi.

Mukiri alimuuliza, “Mama, miti hii yote ulitoa wapi?”

“Nilikata kwa huu mmoja wa hapa jikoni.”

“Yote?”

“Yote. Hata ile niligawa.”

“Basi mama,” akasema Mukiri, pole pole kama mtu anayeleta habari ya hospitali, “hii ni dume. Na ukikata kijiti kwa dume, unapanda dume. Ua la kike lina katunda kadogo ndani, hata kabla halijaanguka. Haya yana unga tu wa nyuki. Hapa kwako hakuna jike.”

Makandi aliketi chini ya mti.

“Papai dume naijua tangu nikiwa msichana,” anasema. “Mtu yeyote hapa anaijua. Ukiona papai imening'iniza maua kama ushanga unajua hiyo ni ya kukata. Lakini papai unapanda na mbegu, zingine zinatoka dume, zingine jike. Sikujua kuna mti unaweza kukata vijiti mpaka ujaze kijiji, na bado ni mwanamume mmoja tu amesimama kwa mashamba ya watu.”

Kumbe Mwirigi wa maziwa alikuwa amesema ukweli bila kujua.

Mukiri alimwambia kwamba dume si kitu kibaya. Dume mmoja anatosha majike wengi. Kinachohitajika ni jike asimame karibu, nyuki watafanya kazi iliyobaki. Hapo ndipo Makandi alikumbuka waya.

Watu wawili, mikebe miwili. Meneja hakuwa amefunga ili isianguke. Alikuwa amefunga kwa sababu ni bwana na bibi.

“Nilipiga kelele,” anasema. “Nilimwambia Mukiri, jike iko! Iko Embu! Iko kwa Ciakuthii! Nilikimbia kwa nyumba kutafuta simu, viatu nikaacha hapo chini. Nilikuwa nimeshaanza hata kufikiria vile nitapita kwa Ntinyari kumwambia.”

Ciakuthii alichukua simu. Makandi alimwambia yote kwa mara moja, bila kupumua. 

“Nikasema, unanisikia? Akaniambia, ‘Nakusikia.’ Nikasema, sasa mbona huongei? Akaniambia, ‘Mwenzangu, niliukata.’”

Ulikuwa umekatwa mwezi wa saba. Kijana wa Ciakuthii, Nyamu, alikuwa ananunua ng'ombe na alihitaji mahali pa zizi. Ciakuthii alifikiria siku kadhaa kabla ya kukubali.

“Unajua alikubali kwa nini?” anauliza Makandi. “Kwa sababu yangu. Aliniambia, ‘Nilikuuliza kwa simu ukasema hata yako ni maua tu. Nikasema kama ni mbili na zote ni bure, basi hata Mungu ameongea.’ Mimi nilikuwa nampa moyo. Na huo moyo ndio ulishika panga.”

Makandi alienda Kianjokoma hata hivyo. Mume wake, Mutembei, alimwambia anaenda kuzika mti. Makandi alifunga leso akatoka.

Ciakuthii alimpokea kwa geti. Walikumbatiana, wakashikana mikono wakiangaliana vile kila mmoja amezeeka. Ciakuthii akajaribu mzaha: “Karibu kwa wakwe. Bibi harusi hayuko.” Halafu akaanza kulia, na Makandi pia.

Zizi lilikuwa limejengwa vizuri, la mbao mpya. Mahali mti uliposimama palikuwa pamemwagwa mawe na samadi. Matawi yalikuwa yamechomwa zamani. Nyamu, kijana mkubwa mwenye aibu, alikuwa anazunguka hapo nyuma akisema tena na tena, “Mama Makandi, mimi sikujua. Kama ningeambiwa tu.”

Walikuwa wanarudi nyumbani kunywa chai wakati Makandi aliona paka.

Alikuwa kwenye kona ya zizi, nje ya mbao. Alikuwa anakwaruza udongo, anasugua shingo hapo, analala chali. Makandi alimtambua. Si yeye hasa, ile kazi yake.

“Nikamwambia Nyamu, lete jembe. Leta mbio. Huyo paka hajalewa bure.”

Walichimba pole pole, mwishowe kwa mikono. Mkojo wa ng'ombe ulikuwa umeunguza mizizi mingi, ikawa nyeusi na laini kama mboga iliyooza. Lakini chini ya msingi wa nguzo ya kona walipata mzizi mmoja, mnene kama kidole, umetafunwa na paka upande mmoja. Makandi aliukwaruza na kucha. Ndani ulikuwa na rangi ya mti ulio hai.

Aliufunga kwa gunia lililolowa, juu yake majani ya mgomba. Ciakuthii alimsindikiza mpaka barabarani. Wakati wa kuagana Makandi alifungua mdomo, na Ciakuthii akamziba na kiganja.

“Wewe, usiseme asante! Hii imeteseka ya kutosha.”

Sasa mzizi huo uko Kibirichia, ndani ya mkebe, chini ya kivuli cha mti wa jikoni. Juu ya mkebe Makandi amefunika jiko bovu, lile la makaa lililotoboka, na juu ya jiko ameweka jiwe. Ni kwa sababu ya paka. Usiku na asubuhi anapigana nao hapo, na magunzi yanaisha.

Haujachipuka.

Na mvua iko karibu. Mutembei, mwenye hili shamba, ni mtu mpole anayeongea akiangalia chini. Kabla ya kiwi, kipande hiki kilikuwa kinatoa magunia sita ya viazi kwa msimu mzuri. Sasa hakitoi kitu. Wao wawili wanakula viazi vya kununua, jambo ambalo mkulima wa Kibirichia hataki jirani ajue.

“Nimengoja miaka saba,” anasema Mutembei. “Mimi si mtu mbaya. Lakini viazi vinakula udongo na kutoa chakula. Hii inakula udongo na kutoa nyuki. Mvua ikianguka napanda viazi. Dume nitamwachia moja, hiyo ya jikoni. Si huyo madam alisema moja inatosha?”

Makandi hakubishana. Alisema atakata yeye mwenyewe, asije mtu mwingine. Kwa hiyo akimaliza na paka leo, anachukua panga. Anaanza na mstari wa mwisho, ule unaopakana na kwa Ntinyari. Anakata shina chini, na juu matawi yanabaki yameshikilia waya kama hayajasikia. Maua yanaanza kumwangukia kwa kitambaa, kwa mabega. Nyuki wanahamia mti unaofuata.

Anapopumzika, anaenda kuangalia mkebe. Anainua jiwe, anainua jiko, anachuchumaa.

Wiki ya kwanza aliukwaruza mzizi kidogo juu akakuta bado ni hai. Wiki ya pili akakwaruza tena. Wiki hii hajakwaruza.

“Naogopa,” anasema. “Nikiendelea kuukwaruza nitaumaliza. Na nikikuta ni mweusi, nitafanya nini na hii siku yote imebaki?”

Mpango wake ni mdogo. Ukichipuka, ataupanda karibu na dume wa jikoni. Ameshatoa ule waya kwa mlango wa nyumba ya kuku, na kuku sasa wamefungiwa kwa kamba. Waya uko juu ya dirisha, umekunjwa, unangoja. Hataki kuuza matunda, na hawezi tena kumwambia mtu apande. Anataka tunda moja tu.

“Nitavuka ua niende nalo kwa Ntinyari,” anasema. “Sitaongea. Najua hata akila haitajenga nyumba, na Kaberia hatarudi kuwa kijana. Nitaweka tu kwa mkono yake, aone sikuwa nadanganya.”

Kwa mbali, kwa njia ya kanisa, mwanamke anapita na mtungi mgongoni, ameinama. Makandi anasimama na panga mkononi kumwangalia mpaka anapotelea kwa miti. Kutoka jike kushika mpaka kuzaa, Mukiri alimwambia, ni miaka minne hivi, kama mambo yatakuwa mazuri.

“Minne,” anasema Makandi, na kurudi kwa mstari. “Huyo atakuwa ameshazoea ile njia ya mbali.”